Kisu cha oda: maswali yanayorudi kila wiki kuhusu mpini na nakshi

Watu wanaotuagizia visu wanauliza mambo yale yale, sio vibaya, ila kujibu meseji moja moja usiku kucha kunachosha, kwa hiyo tumeyaweka yote hapa. Karakana yetu iko Tanga, chuma tunachofua mara nyingi ni springi za magari ya mizigo, na visu vingi vinaishia jikoni, buchani na kwenye ngalawa. Kwa hiyo majibu yamekaa kihuku: joto, unyevu wa bahari, ndimu, nazi, samaki. Ukiwa Njombe kwenye baridi au Muscat kwenye ukavu soma tu, pale hali ya hewa inapobadilisha jibu tumesema.

Nianze na nini, mti au umbo la mpini?

Anza na kazi ya kisu, alafu mkono wa atakayekitumia, mti unakuja wa tatu. Wengi wanakuja na skrinshoti ya kisu walichokiona mtandaoni, kina shaba mbele, shaba nyuma, mpini umejipinda huku na huku, na ukiuliza kitafanya kazi gani unaambiwa kukatia nyama ya pilau. Sasa kisu kile kimepigwa picha hakijawahi kugusa hata kitunguu. Mpini wa kujipinda sana unakulazimisha ushike kwa namna moja tu, na mtu anayekata kilo 10 za nyama anabadilisha mshiko kila dakika.

Tunachoomba kwako: laza kiganja juu ya rula, pima upana pale vidole vinne vinapoanzia, dole gumba usilihesabu, piga picha tuma. Tunaongeza sm 2 au 3 na huo ndo urefu wa mpini, watu wengi wanaangukia kati ya sm 11 na 13. Unene ni sm 2 hivi, mkono mdogo tunapunguza. Umbo liwe la yai na sio duara kamili, maana mpini wa duara ukishika mafuta unazunguka mkononi na hujui tena makali yameelekea wapi. Kama ni zawadi na hutaki mwenyewe ashtuke, mpimie kimya kimya mpini wa kisu anachokipenda sasa hivi, inatosha kabisa.

Mpingo ndo baba lao, si ndio?

Kwa ugumu na uzuri, ndiyo, na ni mti wa kwetu, huo huo ambao Wamakonde wanachongea vinyago na viwanda vya Ulaya vinatengenezea klarineti. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina kilo 1,200 na zaidi, ndo maana kipande ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama. Ukishapigwa msasa mpaka namba 1000 hautaki vanishi, unang'aa wenyewe.

Ila una tabia zake. Kisu chembamba cha samaki ukikiwekea mpingo mtupu kinakuwa kizito nyuma, ncha inaelea na unashindwa kuiongoza kando ya mfupa. Alafu mpingo una mafuta ndani, gundi ya eposi haiushiki vizuri kama hukuufuta kwa asetoni dakika chache kabla ya kubandika, na hapo ndo mipini mingi inapoanzia kubanduka. Tena ukikaushwa kwa pupa unapasuka, kwa hiyo kipande kilichokatwa mwezi uliopita hatukigusi hata kiwe kizuri vipi. Na vumbi lake linawasha pua na ngozi, barakoa ni lazima, hilo nawaambia wale wanaotaka kujifanyia wenyewe nyumbani.

Kitu ambacho wateja hawajui kuomba ni ule mti mweupe wa nje ya kiini, wenye rangi ya samli. Tukikata kipande pale nyeusi na nyeupe zinapokutana unapata mstari wa asili unaopita mpini mzima na hujalipia nakshi hata moja. Ni laini kidogo kuliko kiini lakini kwa kisu cha nyumbani unadumu sana tu. Mimi napenda mstari huo ukae chini upande wa vidole, wengine wanautaka juu waone wakiwa wanakata.

Lakini si nasikia mpingo umekatazwa?

Haujakatazwa, unadhibitiwa. Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yani kuutoa nchi moja kwenda nyingine kunataka vibali. Mwaka 2019 wakalegeza: bidhaa iliyokamilika, ambayo mti huo hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, haihitaji kibali cha CITES. Mpini wa kisu haufiki hata gramu 200, kwa hiyo ndugu zetu wa Uingereza na Oman msiwe na presha. Kwa hapa ndani ni mambo ya TFS, wale Wakala wa Misitu, na karatasi za mzigo, sisi tunanunua mabaki kwa mafundi samani na wachongaji wenye karatasi zao, hatununui gogo la mtu aliyekuja nalo usiku kwenye bodaboda.

Miti mingine mliyonayo ni ipi?

Mtu asiyejua anataka nini tunampa mninga. Ni kahawia inayoelekea nyekundu, una michirizi, na ni mtulivu, haujipindi wala kuvimba sana msimu ukibadilika, ndo maana mafundi vitanda wanauheshimu. Mkongo, ambao wa Mombasa wanauita mbambakofi, ni mgumu zaidi na mtulivu vile vile. Mtiki tunaupata jirani tu, mashamba ya Longuza pale Muheza, huu hauogopi maji, mvuvi akija hatumpi mwingine labda aukatae mwenyewe, ubaya wake ni kwamba una kama mchanga ndani yake, unamaliza makali ya msumeno mpaka unaudhi.

Mzeituni mwitu wa ukanda wa Arusha na Kenya ndo mti wa watu wanaopenda kuangalia. Njano ya asali na michirizi myeusi inayokwenda inakotaka, hakuna vipande viwili vinavyofanana, na ni mgumu wa kutosha kazi ya kila siku. Ukichagua huo usiongeze nakshi nyingine, nakuomba.

Mwembe nao una siri. Gogo likilala chini muda mrefu kuvu inapita ndani inaacha mistari myeusi iliyochorwa kama ramani, mizuri sana, lakini mti wenyewe umeshalegea, haufai mpaka unyweshwe rezini, ile plastiki ya maji maji inayoganda, ndani ya chombo cha vakyumu kilichonyonywa hewa, na kuokwa. Ukishanyweshwa unakuwa mzito na haunyonyi maji. Mpingo haunyweshwi, umeshikamana mno, rezini haina pa kuingilia, kwa hiyo mtu akikuuzia mpingo "ulionyweshwa" muulize vizuri.

Mnazi tunafanya, ila uwe mzee na tunachukua sehemu ya nje tu penye nyuzi nyeusi. Jakaranda na mwarobaini zipo, jakaranda ni laini ibaki kwenye kisu cha kuweka kabatini. Mkoko msituletee.

Nina ubao wa mlango wa bibi yangu, au kipande cha jahazi. Mnaweza kutumia?

Hii ndo kazi tunayoifurahia kuliko zote, lete. Tunahitaji vipande viwili vya angalau sm 14 kwa 4, unene sm 1 baada ya kupiga randa, kwa hiyo ubao mbichi uwe umezidi hapo. Kabla hujatuma pitisha sumaku kubwa juu yake, misumari iliyovunjikia ndani ndo adui wa msumeno wetu. Gonga kwa kucha usikilize, ukisikia sauti ya uwazi basi dumuzi au mchwa wameshatangulia.

Ubao wa jahazi una mambo mawili ya ziada. Moja ni chumvi iliyoingia ndani, inaendelea kuvuta unyevu hewani na chuma kilicho chini yake kinashika kutu kimya kimya, kwa hiyo tunauloweka kwenye maji baridi na kuyabadilisha mara kadhaa alafu unakauka kivulini wiki kadhaa. La pili ni sifa, ile mafuta ya papa waliyokuwa wanapaka vyombo. Harufu yake haiishi haraka na gundi haiipendi. Tunaparua uso wote mpaka tufike penye mti mkavu, kama haupatikani tunatumia pini, vile vijiti vya chuma vinavyopita kwenye mpini kuushikilia, nyingi zaidi na gundi tunaiachia kazi ya kuziba tu. Mteja mmoja alituambia harufu tuiache, ndo anayoitaka. Sawa, kisu chako.

Pembe na mfupa vipi?

Pembe ya ng'ombe ni nzuri sana hasa ya wale wa Ankole wa Uganda na Rwanda, ni ndefu, nene, na ndani ina rangi ya asali, moshi na maziwa kwenye kipande kimoja. Inalainishwa kwa moto au maji yanayochemka kisha inabanwa iwe bapa. Tatizo inakumbuka umbo lake la zamani, ukiiacha juani kwenye dashibodi inaanza kujikunja tena na kuachana tabaka. Na wadudu wanaokula ngozi wanaila na pembe pia, wanatoboa vitundu, kisu kikikaa kabatini mwaka mzima bila kuguswa ndo wanapata nafasi. Kwa kisu kinachotumika kila siku sijaona shida hiyo.

Mfupa wa ng'ombe au ngamia unachemshwa kutoa mafuta, unasafishwa kwa haidrojeni peroksaidi, unakauka. Mafuta yakibaki unageuka njano na kunuka. Ni mweupe, unashika nakshi ya kuchorwa vizuri sana: unachora kwa ncha kali, unapaka wino mweusi, unafuta, wino unabaki kwenye mikwaruzo tu. Kwa jikoni siupendi, una vitundu vidogo vinavyonyonya damu na manjano, baada ya muda mfupi mpini wako ni wa rangi ya biriani. Uweke kwenye kisu cha bahasha au cha zawadi.

Wanaouliza uhalali wa kidini: mifupa na pembe tunachukua machinjioni, ya ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya bucha. Ukiwa na wasiwasi zaidi ya hapo kamuulize sheikh wako, na sisi tutakuwekea mninga.

Babu aliacha pembe ya ndovu / jino la ngiri / gamba la ng'amba, mnaweza kuniwekea?

Hapana. Hata kipande kidogo, hata kiwe cha mwaka gani. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na CITES mwaka 1989, mwaka huo huo Kenya ikachoma tani 12 hadharani, na Aprili 2016 wakachoma tani 105 pale mbuga ya Nairobi. Kukutwa na nyara ya serikali bila kibali ni kesi ya kwenda jela, Tanzania na Kenya kote, na sisi ndo tutakaokutwa nayo mezani. Ngiri, kiboko, ng'amba, wote jibu ni hilo. Mfupa wa twiga unauzwa sana Marekani kwa watengeneza visu, kwetu twiga ni mnyama wa taifa na haguswi, na tangu 2019 yuko kwenye orodha ya CITES.

Ukitaka ile rangi ya maziwa iliyokomaa, mfupa wa ngamia uliochemshwa kwenye majani ya chai ya rangi unakaribia sana.

Nataka kama jambia la Oman. Inawezekana?

Mpini wa namna ile tunaweza, ule mpana juu, mwembamba katikati, wenye fedha. Jambia ni alama ya Oman, liko mpaka kwenye bendera yao, na 2022 UNESCO iliingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi. Zanzibar bado utayaona kwenye maharusi. Zamani mipini ya thamani kubwa ilikuwa ya pembe ya faru, na soko la Yemen kwenye miaka ya 1970 na 1980 liliwamaliza faru wengi wa Afrika Mashariki, leo mafundi wengi wanatumia msandali na miti mingine.

Ila elewa unachoagiza. Lile ni pambo la kiunoni, mpini wake umetengenezwa uonekane, sio wa kukatia. Na kazi ya nyuzi za fedha ni ya sonara, sio ya mhunzi, tunampelekea yeye na anatoza yake. Msandali wa porini wa huku hatuuchezei, umekatwa hovyo mpaka ukawekwa kwenye CITES, tunatumia mkongo au muhuhu, ambao nao una harufu yake nzuri.

Mikarta ya khanga ndo nini, na maneno yataonekana?

Mikarta ni kitambaa kilicholowekwa rezini tabaka juu ya tabaka kikabanwa mpaka kikawa kigumu. Haina msimu, haipasuki, haili maji, haijali upo Tanga au Dodoma. Kiwandani wanatengeneza kwa turubai na karatasi, sisi tunatengeneza kwa khanga, jinzi na gunia.

Khanga iwe ya pamba kweli, poliesta inateleza na tabaka zinaachana. Tunaifua kwanza kwa sabuni na maji ya moto kutoa ule wanga wa dukani, inakauka, inakatwa vipande vya sm 15 kwa 5, tabaka kama 30 kwa kila upande, kila kimoja kinapakwa rezini mpaka kilowe, kisha mbao mbili zilizofungwa nailoni na klempu zinakazwa mpaka rezini ya ziada inatoka pembeni. Inaachwa mpaka siku ya pili. Ukikata inaonekana kipande kizito tu cha rangi ya matope, uzuri unakuja ukianza kusaga pembe kuwa mviringo, hapo tabaka zinafunguka moja baada ya nyingine na rangi zinazunguka mpini kama mistari ya milima kwenye ramani za shule.

Maneno hayatasomeka. Tunasema mapema kwa sababu watu wanaleta khanga yenye jina wanalolipenda wakitegemea kulisoma kwenye mpini, haliwezekani, yanasagwa yote. Tunachofanya ni kukata kile kipande chenye jina kabla hatujaanza na kukishonea ndani ya kifuniko cha ala. Na rangi zinakolea zikinywa rezini, pinki inaenda kwenye nyekundu, njano inakuwa ya haradali, nyeupe inakuwa ya kijivu kijivu. Khanga ya nyekundu na nyeusi ndo inatoka vizuri kuliko zote.

Usitake ing'ae. Mikarta iliyoishia msasa namba 400 inashika vizuri hata mkono ukiwa na maji ya samaki, iliyong'arishwa inateleza.

Na zile rezini za rangi zenye mawimbi ya bahari ndani?

Tunafanya. Siipendi lakini tunafanya. Inakwaruzika, na ikidondoka kwenye sakafu ya marumaru inaweza kukatika kona.

Kola ya shaba ina kazi au ni urembo tu?

Kola ni kile kipande cha mbele, mpini unapokutana na chuma. Kina kazi: kinaziba mwanya ambao maji na damu vingeingilia, na kinavuta uzito mbele. Kisu kirefu chenye mpini mwepesi kinapata mizani, lakini kisu kidogo cha matunda kikiwekewa kola nene ya shaba na kitako cha shaba kinakuwa mzigo, bibi yako atakirudisha kwenye droo aendelee na kile cha plastiki.

Shaba ya njano inapoteza ng'aro haraka huku pwani, mwezi mmoja inakuwa ya kahawia, na ukiiacha na chumvi inatoa kijani. Kijani hicho kisikae karibu na chakula. Ndimu na majivu, au ukwaju, inarudi kama ilivyokuwa, alafu suuza na kausha usiache ile asidi. Ambaye hataki kazi hiyo tunamuwekea kola ya stenlesi au ya mpingo. Shaba ya koki na kufuli kuukuu hatuyeyushi kwa visu vya jikoni, nyingi huwa imechanganywa na madini ya risasi.

Pini ngapi?

Mbili au tatu, mm 5 au 6. Pini za maua, ambazo ni bomba dogo lililojazwa vijiti vya shaba na rezini, weka moja katikati, mbili za kawaida pembeni. Tatu zote za maua ni fujo.

Nataka jina langu kwenye chuma. Mnachonga au mnachoma?

Tunaunguza kwa umeme na maji ya chumvi. Chuma kinapakwa rangi ya kucha, tunakwangua herufi kwa sindano mpaka chuma kitokee, waya wa chanya unashika kisu, wa hasi unashika pamba iliyolowa maji ya chumvi, betri ya volti 9, tunagusa gusa sekunde chache chache na kufuta ule uchafu mweusi unaotoka. Dakika tano hivi herufi zimeshaingia ndani kiasi cha kuhisi kwa ukucha. Mwandiko wa mkono wa mtu unawezekana kabisa, tuma karatasi aliyoandika, tumewahi kuweka sahihi ya marehemu mzee wa mtu na ikatoka vizuri.

Herufi zisipungue mm 3, ndogo zaidi zinaungana. Na zikae juu karibu na mgongo wa kisu, ukiziweka karibu na makali miaka ya kunoa itazila.

Mtaniandikia Bismillahi au aya?

Kwenye chuma tunakushauri usiweke. Kisu kinaingia damu, kinawekwa kwenye sinki na vyombo vichafu, kinaanguka chini. Wengi wakishaambiwa hivyo wanakubali tuweke kwenye boksi la kuhifadhia, mbao ya mninga inachongeka vizuri kwa herufi za Kiarabu.

Nakshi ya tupa kwenye mgongo wa kisu, mnaionaje?

Ni vile vijani na mawimbi vinavyokatwa kwa tupa ndogo. Tunaikata sehemu ya mgongo iliyo ndani ya mpini tu, pale chuma kinapoonekana katikati ya mashavu mawili, yani vile vipande viwili vya mpini. Ukiisogeza mbele kwenye chuma cha kukatia, magamba ya dagaa yanaingia humo na hayatoki bila mswaki, na dole lako la shahada linalokaa pale juu litaumia kabla hujamaliza fungu moja la mchicha.

Njumu ya fedha au shaba kwenye mbao, inakaa?

Inakaa kwenye mti mgumu, na hapo ndo mpingo haupati mpinzani. Mfereji unachimbwa uwe mpana chini na mwembamba juu, waya unagongwa ndani kwa nyundo ndogo unatanuka na kujibana wenyewe. Kwenye mti laini masika ikija mbao inavimba, waya unasukumwa nje, ncha yake inakuchoma mkono. Kwa sababu hiyo hiyo njumu haikai tumboni mwa mpini penye vidole. Inakaa juu, au pembeni karibu na kitako. Kazi ya njumu ikiwa nyingi inaweza kupita bei ya kisu chenyewe, tuulize kwanza.

Damaski inakata vizuri zaidi?

Hapana, inakata kadiri ya chuma kilichotumika, joto lililopewa na unavyonoa. Damaski ni chuma chenye mawimbi, yanayotokana na vyuma viwili vilivyounganishwa kwa moto na nyundo na kukunjwa, kimoja kina nikeli, ukitumbukiza kwenye asidi chenye nikeli kinabaki cheupe kingine kinaliwa na kuwa cheusi. Urembo huo unafifia kwa matumizi na unarudishwa kwa asidi tena, tunafanya.

Ukilipia Damaski, mpini uwe kimya. Mpingo mweusi mtupu au mtiki. Damaski pamoja na mzeituni mwitu pamoja na pini za maua pamoja na shaba, jicho halijui litulie wapi, na hela yako imegawanyika kwenye vitu vinne vinavyopigana.

Na tukiwa hapo hapo kwenye chuma: springi ya kawaida inabadilika rangi. Ukikatia embe bichi la pilipili au ndimu leo, kesho ina mabaka ya bluu na kijivu. Sio kutu, ni urembo wa bure na unakilinda chuma kidogo. Kutu ni ya rangi ya machungwa, hiyo ndo uikimbilie.

Shanga za Kimaasai kwenye mpini?

Weka kwenye ala. Kwenye mpini uzi unakula jasho na mafuta, unakatika, shanga zinaanguka kwenye mboga. Sime zenyewe mpini wake ni mtupu au umevikwa ngozi, wenyewe wanajua.

Ala iwe ya nini?

Ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa magome au mimea. Iliyolainishwa kwa dawa ya kroumu ina chumvi zinazochochea kutu, hatuitumii. Kwa mvuvi hatufanyi ngozi kabisa, inanyonya maji na kuyaweka karibu na chuma, tunamfanyia ala ya mbao yenye tundu chini.

Mpini nautunzaje?

Osha, futa, weka pakavu, basi. Usiuloweke kwenye beseni na vyombo, usiuweke kwenye mashine ya kuoshea, na usiache kisu kwenye gari lililofungwa juani, eposi ya kawaida inaanza kulegea ikikaribia nyuzi 60 na dashibodi ya huku inafika huko bila shida. Mbao ikianza kupauka paka mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, kidogo sana, ngoja nusu saa, futa yote, rudia kesho yake. Kile kitambaa ulichofutia kitandaze nje kikauke, usikikunje ukakitupa kona, linsidi inapokauka inatoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Mafuta ya nazi hayakauki, yanabaki yanateleza na baadaye yananuka. Ukikosa linsidi, nta ya nyuki inatosha.

Dodoma na Muscat kwenye ukavu paka mara nyingi zaidi, mbao inasinyaa na utahisi pini zimetokeza kidogo juu ya mti. Sio ubovu, zinasagwa kidogo zinarudi sawa.

Nasafiri nacho kwenye ndege?

Kwenye begi la kupakia chini ya ndege, kikiwa ndani ya ala na kimefungwa. Begi la mkononi watakuchukulia pale pale. Sheria za visu za nchi unayoenda ziangalie mwenyewe kabla.

Nikibadilisha mawazo katikati ya kazi?

Umbo la chuma likishachomwa na kupozwa halibadiliki. Mti unaweza kubadilisha mpaka siku ya gundi, siku hiyo tunakutumia picha ya vipande viwili vikiwa vimeshikiliwa na klempu bila gundi, pini zimepita, unaona kila kitu kilivyokaa. Ukijibu "sawa" tunabandika. Usipojibu tunasubiri, kipande kinabaki kwenye rafu na jina lako. Baada ya hapo kubadilisha ni kuvunja mpini kwa patasi na kuanza upya, na mti wa kwanza unaulipia.